Safu Moja ya Namba za Simu

"Kwani kuongeza dirisha moja ndiyo mpaka muivunje nyumba nzima?"

Ndivyo jirani yangu, Mama Pacha, alivyowahi kumtania mwanangu, siku alipokuwa akitueleza kazi yake ya kompyuta pale hospitali, akiifananisha na kuongeza dirisha kwenye nyumba iliyokwisha jengwa. Tulicheka sana. Mumewe ndiye aliyetushinda kwa kicheko: "Fundi huyu, na mwiko hajawahi kuushika!"

Sasa mumewe tumemzika, na Mama Pacha amekaa mkekani kwangu, chai imempoa mkononi.

"Kuna dawa ilikuwa inamdhuru, shoga," akaniambia. "Mimi jina lake silijui, limo kwenye faili lake. Faili halifunguki. Daktari hathubutu kumpa kitu. Mume wangu anahema kama mvukuto, wao wanangoja kompyuta."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Uchungu wake naujua mimi. Nilimtazama usoni nikaelewa. Nikamwomba Mungu amfumbe kinywa, kisha nikamwomba anisamehe kwa ombi hilo.

"Ni mimi, Mama Pacha," akasema.

"Wewe umefanya nini, mwanangu?"

"Waliniambia niongeze safu moja kwenye orodha ya wagonjwa, ya namba ya simu ya ndugu. Niliijaribu kwenye nakala ndogo, yenye wagonjwa wachache, ikaisha kufumba na kufumbua. Nikaona hakuna haja ya kungoja watu wapungue, nikaifanya mchana. Kumbe kwenye ile kubwa, mashine inaandika upya mstari wa kila mgonjwa aliyewahi kutibiwa pale. Na ikiandika, imefunga mlango. Hakuna anayesoma."

"Si ungeizima?"

"Niliizima. Ikaanza kurudisha yote yalivyokuwa, mlango bado umefungwa."

Mama Pacha alimwangalia. Mtoto huyu alikula kwake na kulala kwake miezi ile niliyofiwa, mimi nikiwa sijijui.

"Kwa hiyo mliivunja," akasema polepole. "Na sisi tumo ndani."

Mwanangu akapiga magoti. Nikamshika jirani yangu mkono, "Dada yangu, tafadhali." Akautoa mkono wangu taratibu, kama anayeondoa kitu cha mtu kisivunjike. Akaweka kikombe chini, chai haijapungua. Akavaa ndara zake, akapita pembeni ya mwanangu bila kumgusa, akatoka.