Mchi wa Mama Ndani ya Gitaa

Polikarp Ngonyani, fundi wa magitaa, hakuwa na karakana. Alikuwa na baraza la nyumba yake pale Ruhuwiko na kipande cha turubai. Hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na waya mwembamba wa kusukia koili, ile inayonasa sauti ya nyuzi, ila feni ya mtu ikiungua auchomoe humo. Hakuwa na gundi ya dukani, alichemsha ngozi ya ng'ombe. Na hakuwa na dada wa karibu: mama alikwisha kufariki, na Lukresia, dada yake pekee, aliolewa mbali kule Nalasi kwenye mikorosho. Kwa hiyo maneno yanayosemwa na wanawake jikoni hayakuwa na njia ya kumfikia. Upungufu huo wa mwisho hakuuhesabu, nao ndio uliomponza.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Songea, yaliyozoea kuonyesha rafu tupu, yalifurika bidhaa, na miongoni mwake yalikuwamo magitaa ya umeme ya bei nafuu, mekundu, yaking'aa kama gari la arusi. Kwa macho yalipendeza. Ukiyapiga, nyuzi zililegea kabla wimbo haujaisha, na sauti ilitoka kama nzi aliyefungiwa chupani.

Polikarp aliuza mahindi akanunua moja. Nia yake ilikuwa kulifufua hadi Daimu, kiongozi wa bendi ya dansi kutoka Namtumbo, akubali kumpa magitaa yote ya bendi ayatengeneze. Akasuka koili upya. Akabadilisha vikazio vya nyuzi. Daraja la nyuzi akalichonga kutoka kwenye shaba ya bomba bovu. Kilichobaki ni ubao wa shingo, ule unaokanyagwa na vidole. Ulikuwa mti laini uliopakwa rangi nyeusi, na kila aliyepiga aliondoka na vidole kama mchoma mkaa.

Dawa yake ni mpingo, tena mpingo mkavu. Ule mbichi ukiuharakisha unapasuka.

Basi siku moja alikwenda Matogoro kutazama paa la nyumba ya marehemu mama. Nyuma ya jiko akakuta kinu kimepinduliwa, na mchi wa vichwa viwili umeegemezwa ukutani, mweusi, mzito, mkavu kama mfupa. Hapo bondeni mashine mpya ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Akajisemea, nani anatwanga siku hizi? Akautia mchi begani.

Kichwa kimoja cha mchi kilitoa ubao wa shingo. Kiuno chake, pale panaposhikwa na mikono, kilikuwa na kibonyeo laini kilichomkaa sawasawa kiganjani. Akakivisha kipande cha tairi, kikawa nyundo ya kugongea vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo. Siku Daimu alipokuja kujaribu gitaa, umeme ulikuwepo. Akalichomeka kwenye spika, akapapasa nyuzi, akasimama wima.

"Fundi! Hili si ndilo lile sanduku la biskuti?"

"Ndilo."

"Basi wewe si mtu!"

Sauti ilitoka nene, safi, mpaka watoto wa jirani wakaanza kucheza. Katikati ya wimbo mwanamke akaingia uani, amejaa vumbi, kitenge kimefungwa kifuani.

"Shikamoo, dada!" Polikarp aliruka kwa furaha.

"Marahaba, Poli. Msinyamaze, pigeni. Nimekalia magunia ya korosho tangu Tunduru, mifupa yangu inataka muziki."

Devota, mke wa Polikarp, akachungulia kutoka jikoni. "Karibu wifi, ugali unaiva!"

Lukresia akamwendea Daimu, akapitisha mkono kwenye shingo ya gitaa. "Ee, mti huu! Laini kama shavu la mtoto. Mmeutoa wapi?"

Polikarp akajivuna, nyundo mkononi. "Hapo ndipo penye akili, dada. Ni mpingo! Ule mchi wa marehemu mama uliokuwa umetupwa nyuma ya jiko."

Mkono wa Lukresia ukaganda pale pale, kama mtu aliyeshika waya ulio wazi.

"Mchi upi?"

"Ule. Kinu kilikuwa kimepinduliwa, nikajua..."

"Kinu nilikipindua mimi! Siku ya arobaini, mbele ya shangazi zetu. Kwetu kinu cha marehemu hupinduliwa, mchi ukaegemezwa ukutani, mpaka binti yake aje kuuchukua baada ya mavuno. Bibi alimwachia mama. Mama akaniachia mimi. Nimekuja kuuchukua, Poli. Kilichonitoa Nalasi ni hicho tu."

Daimu akalilaza gitaa kwenye mkeka taratibu, kama anayelaza maiti.

"Kichwa cha pili kiko wapi?" Lukresia akauliza.

Polikarp akamtazama mkewe. Devota akayatazama mafiga.

"Kilipasuka nilipokichana," Polikarp alisema kwa sauti ndogo.

"Sikujua, wifi," Devota akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani ni kuni. Tulikipikia maharage."

Macho ya Lukresia yakaangukia ile nyundo. Akamnyang'anya mdogo wake, akalibandua tairi, akatia kiganja katika kibonyeo.

"Huu ni mkono wa mama," akasema. Akakifunga kile kiuno katika pindo la kitenge, akageuka.

"Dada, kula kwanza!"

"Nile nini? Maharage?"

Akaenda zake. Ugali ukabaki umefunikwa sahani, mzima, haujamegwa. Ndugu wa tumbo moja kuondoka bila kuonja chakula chako si jambo la kusema kesho litapoa. Devota hakuthubutu kuutupa.

Asubuhi Daimu alirudi. "Fundi, yaliyopita yamepita. Nalichukua gitaa, na mengine manne ya bendi nimekuletea haya."

"Hili siuzi. Halikuwa langu."

"Unalipeleka wapi?"

"Nalasi."

Daimu akashika kichwa. "Kwa mkulima wa korosho? Gitaa la umeme, mahali hapana hata taa? Fundi, una wazimu!"

"Huenda."

Daimu akaondoka na magitaa yake manne, na mtaa mzima ukabaki kidole mdomoni. Polikarp akaketi akaandika:

"Dada Lukresia, kiuno cha mchi unacho. Kichwa kimoja kimo humu, ndio ubao mweusi. Cha pili nilikichoma, sina cha kukurudishia. Nilichukua bila kuuliza, na wa kumwuliza ulikuwepo. Ukitaka kuubandua ubao, mwagia maji ya moto, gundi itaachia. Usipotaka, weka sikio kwenye mti ugonge uzi mnene. Hata bila umeme utausikia. Mdogo wako, Polikarp."

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa kwa unyevu. Akafunua sahani, akamega ugali ule ambao dada yake hakuugusa, akaufinyanga kwa mate hadi ukalainika, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha na kuukandamiza kwa dole gumba mpaka ukashika. Kisha akaliviringisha gitaa katika mkeka, akaifungia bahasha juu yake kwa kamba, akaenda stendi. Utingo wa lori la Tunduru aliupokea mzigo, akauinua, akashangaa.

"Mzee, mbona mzito hivi? Nini humu?"

"Mchi," Polikarp akasema.

Utingo akaupandisha juu ya magunia, lori likaondoka.