Kura Moja Niliyoiruka

Nilitangaza kumi, na ukumbi ukatulia kama nyumba iliyohamwa.

Wanaotaka mwenyekiti aondoke, kumi na mmoja. Wanaotaka abaki, kumi. Niliandika hivyo kitabuni, kisha nikainua macho. Ndipo nilipomwona diwani mzee wa safu ya nyuma akiushusha mkongojo wake taratibu. Katika baraza letu kura ilipigwa kwa kusimama, na kwa kuwa miguu yake ilikwisha kumkatalia, mkongojo ulioinuliwa ulihesabiwa kama mtu aliyesimama. Kila karani alilijua hilo. Siku ile mimi nilihesabu waliosimama tu.

Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, hoja ingeanguka. Mama, kama nilivyozoea kumwita mwenyekiti, angebaki kitini.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Siku yake ya kwanza diwani mmoja alimuuliza, kwa sauti ya kuwachekesha wenzake, nani angepika kwake jioni hiyo. Akafungua faili, akajibu kwamba njaa ya nyumbani kwake haimo kwenye ajenda, lakini mheshimiwa akizidiwa na yake aombe ruhusa atoke. Hata mahasimu wake walicheka. Wakati huo mimi nilikuwa napiga deki korido. Ni yeye aliyenisukuma kwenye masomo ya jioni, akanisikiliza nikisoma kila asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa, na miaka sita baadaye akaniweka kwenye meza ya karani. Wakanong'ona kwamba Bi Mkubwa kamleta mpiga deki awahesabu watu wazima. Niliwasikia. Kabla ya kila mkutano nilimwomba Mungu nisikosee mbele yao.

Basi nilipokosea, nilimgeukia yeye. Kutoka kiti chake cha juu aliuona ukumbi wote, na sasa alikuwa ananitazama mimi, kalamu ikiwa hewani. Mwenyewe asingeweza kutamka neno. Wangesema mwanamke kaking'ang'ania kiti. Mimi ningeweza. Sentensi moja tu. Lakini nilikwisha kukisikia kicheko chao kabla hakijatoka. Nikajiambia nitasema sasa. Kisha nikajiambia sasa.

Akaiweka kalamu chini, akawashukuru madiwani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Yule mzee hakujua kitu. Alinishika mkono pale mlangoni, macho yamejaa machozi.

"Moja tu, binti yangu," alisema. "Tumeshindwa kwa moja tu."

Ilinichukua miaka kumi na minne kwenda kwa Mama. Nilimkuta kitandani, amekonda, ila macho ni yale yale. Nilipiga magoti, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Hakushtuka.

"Nilihesabu kabla yako, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwomba msamaha. Akasema alikwisha kunisamehe zamani, ila kule kungoja ndiko kulikomchosha. Kisha, akijua nilivyo mtu wa sala, akaniomba nimwombee.

Nikamshika mkono, tukafumba macho. Katika maneno yote niliyozoea kuyasema kila alfajiri, hakuna hata moja lililokuja. Nilisikia pumzi zake, polepole, moja baada ya nyingine. Hakunihimiza. Alikuwa amenishika vilevile, anangoja.