Sauti ya Fimbo Ukutani

Siku ya mtihani wake ilipofika, Mama Matone alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuogopa kulimshinda.

Jina hilo alibandikwa na wafagizi wenzake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipiga deki korido za kliniki ya macho, na mwaka uliopita, kliniki ilipotaka wasaidizi wa kuwapima wagonjwa kabla hawajaingia kwa daktari, Sista mkufunzi alimchagua yeye kwa kuwa mkono wake umetulia na hana domo. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu wa ndoo leo ni mtu wa matone! Lakini ndoo yenyewe haikumwacha. Hakupatikana wa kushika nafasi yake, kwa hiyo alfajiri alideki, saa mbili akavaa koti jeupe, akashinda amesimama hadi saa kumi akipima watu na kuwatia dawa, kisha akarudi nyumbani kupika, maana sufuria hazina habari kwamba mtu yuko masomoni. Mwaka mzima alikuwa akisinzia popote alipoegemea, na mara moja alisinzia amesimama, fagio mkononi, mgonjwa akamsalimia mara tatu.

Kila mwanafunzi alikuwa na daftari lake, na ndani yake zilitakiwa kujazwa rekodi mia tatu za vipimo alivyofanya mwenyewe. Mia tatu! Wanafunzi walikuwa sita na chumba cha kupimia kimoja, wakawa wanagombea wagonjwa kama abiria wanavyogombea kiti cha dirishani. Mwishowe Sista akawaruhusu baadhi ya vipimo wavifanyie nyumbani, mradi waandike ukweli.

Hapo ndipo mumewe alipoingia. Huyu aliitwa Dereva na kila mtu, mpaka na mama yake mzazi, kwa kuwa alianza kushika usukani kabla hajaota ndevu, na sasa aliendesha basi la shule lenye watoto thelathini na wawili. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye mizaha, na siku mkewe alipoleta chati nyumbani ni yeye aliyeibandika sebuleni kwa misumari minne, akaipiga nyundo kana kwamba kuna mtu atakuja kuiiba.

Chati ile ina herufi moja tu, E, imeanza kubwa juu na kuzidi kupungua kila mstari kuelekea chini. Mara imeangalia kulia, mara kushoto, mara juu, mara chini. Anayepimwa huziba jicho moja, akasimama hatua kadhaa nyuma, na mpimaji akigonga herufi kwa fimbo, yeye huonyesha kwa vidole miguu ya herufi hiyo imeelekea wapi. Hakuna haja ya kujua kusoma. Siku ya kwanza kabisa Sista aliwaambia, "Kila mtu akimaliza, geuzeni chati, ya juu iwe chini. Watu wanashika kichwani, msije mkajidanganya." Mama Matone aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Lakini ya nyumbani ilikuwa na misumari minne. Mtu ametoka kudeki, ametoka kusimama kutwa, miguu imemvimba, halafu aanze kutafuta koleo? Alijisemea atageuza kesho, na kesho yake akasema vivyo hivyo.

Basi kila jioni, baada ya kula, Dereva alisimama pale mlangoni na kijiko cha plastiki cha kuzibia jicho, fimbo ikagonga, vidole vikageuka. Kulia sita kwa sita, kushoto sita kwa sita, yaani macho mazima kabisa. Mama Matone aliandika huku kope zikimlemea, akamshukuru kwa uvumilivu wake, na kwa kweli alimpenda zaidi mwaka ule kuliko miaka mingine.

Mtihani ulimtaka kila mwanafunzi aje na mtu mzima mwenye afya kutoka nyumbani. Yeye, bila shaka, alikuja na Dereva. Kulikuwa na uwezekano gani wa kukosea na mtu aliyempima mara zote hizo?

"Mkae sawa, nawasikia," Sista alisema, akakaa pembeni mwa chumba na bunda la fomu za wanafunzi, akaanza kuzigonga muhuri mojamoja huku akisikiliza.

Dereva alisimama kwenye alama sakafuni, mbele ya chati ileile kama ya nyumbani, akaziba jicho la kushoto. Mama Matone alianza juu, fimbo ikashuka mstari kwa mstari, na vidole vikajibu bila kusita. Kwenye mstari wa nne bega likamkaza, akashusha mkono kidogo apumzike. Sista akagonga muhuri: to! Kidole cha Dereva kikageuka kushoto. To! Kikaelekea chini. To! Juu.

Fimbo ilikuwa imening'inia hewani. Haikugusa kitu.

Mama Matone akamtazama mumewe, na mumewe, uso umetulia, alikuwa akisubiri sauti nyingine. Sista alikuwa ameinama kwenye fomu zake, hana hili wala lile. Hakuna aliyeona. Ilibaki mistari mitatu tu, halafu saini, halafu ndoo atamwachia mwingine na asubuhi moja katika maisha yake atalala mpaka jua lichomoze. Aliitaka asubuhi hiyo vibaya sana. Hakuona aibu kuitaka, na aliitafakari kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akawaona akilini wale watoto thelathini na wawili wakipanda basi, mabegi makubwa kuliko migongo yao.

"Sista, naomba kugeuza chati."

"Hilo hufanywa kabla hujaanza. Nakukata maksi."

"Nikate, Sista."

"Mama watoto," Dereva alisema taratibu, "si tulikuwa tunamalizia?"

Mama Matone aliitoa chati kwenye ndoano, akaigeuza, akagonga herufi kubwa kuliko zote, ambayo sasa ilikuwa chini. Dereva alionyesha kulia. Ilikuwa imeangalia kushoto. Akagonga ya pili, Dereva akakosea, akagonga ya tatu, na hapo Dereva akateremsha mkono na kusimama kama mtoto aliyekutwa na kosa. Jicho la kushoto lilijitahidi, likafika mstari wa tano.

Yaliyofuata aliyafanya kwa mazoea ya mikono, kichwa kikiwa kwingine. Tone la ganzi. Kifaa cha kupimia presha ya jicho. Ya kawaida haipiti ishirini na moja. La kulia lilikuwa na thelathini na tisa, la kushoto ishirini na saba. Alipima tena, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Daktari aliitwa, mtu wa maneno machache, akaangalia kwa taa kwa muda mrefu. "Ni glakoma," alisema. "Presha inaua mshipa wa jicho polepole, na mwenyewe hasikii maumivu. La kulia limekwenda, baba, halirudi. La kushoto tutalipigania kwa dawa, kila siku, maisha yako yote."

"Na basi?" Dereva aliuliza.

"Basi, hapana."

Sista naye alikuwa amesimama, daftari la rekodi mkononi, akamnong'oneza Mama Matone, "Maksi nimekukata, lakini umeliona tatizo. Umefaulu. Nasaini sasa hivi."

"Mara ya mwisho ulipimwa lini?" Daktari alimuuliza Dereva.

"Sijawahi kupimwa, daktari. Hata siku moja."

Alisema hivyo kwa macho makavu kabisa, na Mama Matone akaelewa mara moja. Alikuwa anamfichia. Amepoteza jicho, amepoteza kazi, yote ndani ya nusu saa, na bado anahangaikia cheti cha mkewe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kalamu ya Sista ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Amepimwa," alisema. "Mara sitini na mbili. Nimempima mimi, sebuleni kwetu, na kila mara nikaandika jicho la kulia ni zima."

"Usimsikilize, daktari!" Dereva alidakia. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Lilianza kuwa na ukungu, nikaogopa kazi, nikaishika chati yote ndani ya wiki moja. Mtu anapima huku anasinzia, angejuaje?"

"Ningejua. Nilifundishwa kuigeuza siku ya kwanza." Alimgeukia daktari. "Sikuigeuza kwa sababu nilikuwa nachoka, daktari. Basi. Nilikuwa nachoka."

Alijisikia mdogo kuyasema. Aliyangoja yaonekane sababu ya kutosha, hayakuonekana.

Daktari alitazama pembeni. Sista alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akazikata kwa mstari zile rekodi sitini na mbili, moja baada ya nyingine, na alichukua muda. "Bila hizi hujatimiza mia tatu," alisema mwishowe, bila ukali. "Na bila mia tatu hukustahili kufanya mtihani wa leo. Utarudia mwaka."

"Sawa, Sista."

"Nenda ukapumzike kwanza."

"Kuna kipimo sijamaliza."

Ilikuwa kweli. Mtu asiyeona hata herufi kubwa kuliko zote hupimwa kwa vidole, kwa karibu. Sista alisita, kisha akampa fomu.

Mama Matone alisimama mbele ya mumewe, hatua moja tu, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe. Akahisi kope zikipepesa chini ya mkono wake. Akainua vidole vitatu.

"Vingapi, baba watoto?"

Dereva aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, akasikiliza.

"Usibahatishe," alimwambia. "Nakuomba."

"Sivioni, mke wangu," alisema. "Nauona mwanga wa dirisha tu. Wewe hata sikuoni."

Mama Matone alipaswa kuandika. Lakini aliendelea kuviinua vile vidole vitatu, kwa sababu hakujua akiushusha mkono aufanyie nini.