Pete za Pazia la Onsongo

Kling, kling, kisha kimya. Kling, kling, kisha kimya. Gizani, kabla jogoo hajawika, Persis alisikia pete za pazia zikitembea kwenye bomba sebuleni, akajua mama mkwe wake anakwenda mtoni. Mama mkwe mwenyewe, Bochaberi, alikuwa amelala jikoni, miguu imefungwa matambara. Vikuku vyake ndivyo vilivyokwenda.

Alfajiri vilivuta pazia upande wa mto. Jioni vilirudi upande wa barabara na kulifungua, vikasubiri. Kila asubuhi Persis alipanguza matone ya samli sakafuni chini ya dirisha, na harufu ya visigino vya mtu mzima ilibaki kwenye kitambaa hata kikifuliwa kwa sabuni ya kipande.

Onsongo, mume wake, karani wa baraza pale Manga, alikuwa ameiona nyumba ya Mzungu mmoja yenye mapazia na hakulala vizuri tena. Alijenga yake ya matofali, akatia vioo, halafu akaenda mjini Kisii kuchagua bomba la pazia. Mwenye duka alimwonyesha la mti lenye vitufe, la chuma cheusi lenye ncha kama mikuki, na la shaba lenye mananasi miisho yote miwili. Onsongo alichagua la mananasi, na vishikizo vya ukutani vilivyochongwa majani. Ila pete za dukani zilikuwa za mbao.

"Hizi ni mifupa ya kuku," alimwambia Persis. "Mimi nataka kitu ambacho hakuna mtu anacho."

Kitu hicho kilikuwa miguuni kwa mama yake. Bochaberi alivalishwa vikuku vya chuma, ebitinge, siku alipoolewa kikamilifu, na mwanamke havivui mpaka mume wake azikwe. Mume wake, Okemwa, alikwenda kufanya kazi kwenye ziwa la chumvi la Magadi, Onsongo akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Alivipaka samli kila siku, na chuma kilikuwa kimeng'aa kwa kusuguana kuliko fedha.

"Mama, hata kanisani wanakucheka. Unalia ukitembea kama mbuzi wa kengele."

"Waache wacheke. Baba yako hajafa."

"Barua yake iko wapi?"

"Na kaburi lake liko wapi?"

Onsongo alileta fundi mwenye msumeno. Persis alimshika mama mkwe mkono. Pete zilipounganishwa tena kwa moto, moja ilikuwa bado na ngozi iliyokauka. Onsongo aliikwangua kwa ukucha, akaipuliza, akaitundika.

Wazee walipita, wakaona miguu mitupu, wakasema pole kwa msiba. Ng'ombe wa Okemwa akachinjwa wakamla. Shamba la chini likawa la Onsongo, naye akapanda kahawa. Wageni walikuja kuangalia mananasi.

"Wacha! Haya yametoka Nairobi?" aliuliza mke wa mhubiri, huku akifuta samli kiatuni.

"Nilichagua mwenyewe," alisema Onsongo.

Okemwa alifika Alhamisi, pazia likiwa wazi, miguu myeupe mpaka magotini kwa vumbi la Magadi. Alisimama uani.

"Nimesikia unatembea," alimwambia mke wake. "Nikafuata."

Kisha akaangalia miguu mitupu ya mke wake, akaketi chini polepole.

"Kumbe nilishakufa."

"Hapana, baba Onsongo. Wamenivua."

"Nani?"

"Mwanao."

Okemwa alitazama dirishani. Pete zilikuwa zimesimama. "Basi itakuwa ni kweli," alisema. "Mtoto atamzulia baba yake kifo kwa nini?"

Wazee waliitwa. Walimsalimia kwa heshima wanayopewa marehemu, yaani kwa mbali.

"Ng'ombe wako tulishamla," mkubwa wao alisema.

"Alikuwa mnono?"

"Kiasi."

Bochaberi alisema jambo ni rahisi: arudishiwe vikuku avivae, na mume wake atakuwa hai. Wazee walikubali kwamba ni sawa. Wakamgeukia Onsongo.

"Leo?" alisema Onsongo. "Sabato tuna wageni. Na pazia litaning'inia kwa nini?"

Wazee walilitazama pazia, wakasema basi marehemu azikwe. Persis aliingia ndani na mtoto mchanga mgongoni, akapanda kiti, akaanza kufungua nanasi la kushoto. Pete ziliteremka zenyewe kuelekea mkononi mwake, zenye joto.

"Persis," mume wake alisema mlangoni. "Shuka. Utakwaruza shaba."

Alimshika kiwiko, akamshusha, akakaza nanasi, akalifuta kwa leso yake.

Kaburi lilichimbwa Ijumaa ili Sabato isiharibike. Okemwa alitembea mwenyewe mpaka pale. Aliomba jiwe moja litolewe, kwa kuwa lingemchoma mgongoni, likatolewa. Alilala, akafunga macho. Bochaberi alikaa ukingoni, miguu mitupu ndani, mpaka wanawake wakamvuta nyuma kwa upole. Mhubiri alianzisha wimbo, watu wakaupokea kwa sauti tatu.

Kwa dirisha lililokuwa wazi pete zilisikika zikikimbia, huku na huku, mpaka bomba likatikisika.

"Kalifunge hilo pazia," Onsongo alimnong'oneza mke wake. "Linatuaibisha."

Persis hakuondoka. Alikuwa anatazama kifua cha baba mkwe. Lakini mkaza mwana hamkaribii baba mkwe wake; hiyo ndiyo chinsoni, heshima iliyokuwa pale kabla ya kanisa. Mwana naye hamgusi baba yake. Onsongo aliisimamia heshima hiyo vizuri sana, hatua nne kutoka ukingoni, koleo mkononi, tai shingoni.

Mjukuu tu ndiye asiyekatazwa kitu kwa babu yake. Bitutu, mtoto wa kwanza wa Persis, aliachia sketi ya mama yake, akateleza kaburini, akamkalia babu tumboni kama watoto wanavyofanya. Alimbana pua, akalaza sikio kifuani.

Wimbo ukaisha. Watu walikuwa wameshashika udongo mikononi.

"Babu anapumua," alisema Bitutu.