Kadi ya Bi Mgeni

Mwalimu Clara alipangiwa kuhakiki kadi za wapiga kura katika darasa moja la shule ya msingi pale Dunda. Kazi ilikuwa nyepesi: kutazama picha, kutazama uso, kumruhusu mtu apite. Jua lilipopanda alikwishaizoea, hata mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Ndipo mwanamke mmoja wa makamo, amejitanda mtandio mweusi, akaweka kadi mezani. Clara aliitambua picha mara moja. Ilikuwa ya Bi Mgeni, mama mwenye nyumba wake, aliyefariki kabla ya Ramadhani. Clara mwenyewe alikesha matangani.

Akamwuliza jina. Mwanamke akayataja yote matatu, na mwaka wa kuzaliwa juu yake, bila kusita.

"Mama, huyu namfahamu," Clara alisema kwa sauti ya chini. "Amekwisha kufa."

Yule mwanamke hakubisha. Alitupa jicho mlangoni, ng'ambo ya uwanja kulikoegeshwa gari jeupe, kisha akainama.

"Basi nirudishie, mwanangu. Nikitoka mikono mitupu sijui nitawaambia nini."

Clara hakuirudisha. Alimpelekea msimamizi wa kituo, Noel, ambaye walisoma naye chuo. Noel hakushangaa. Aliigeuza mbele na nyuma, akaitia mfukoni mwa shati, akamwambia arudi kazini. Clara akasema askari yupo pale nje na mawakala wa vyama wamo ndani, waitwe. Noel akamtazama kama anayemhurumia.

"Huyu umemjua kwa sababu unakaa nyumbani kwake," alisema. "Hao waliopita tangu asubuhi, umewajua wote?"

Aliporudi mezani mwanamke hayupo, na gari halipo. Foleni ilifika hadi getini, watu wametulia, kila mmoja na kadi yake mkononi. Clara akawa anaukodolea macho kila uso uliomjia, mpaka watu wakaanza kunung'unika. Na kadiri alivyozidi kutazama, ndivyo kila picha ilivyozidi kufanana na mtu mwingine.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Mrisho, mtoto wa marehemu, amekaa barazani. Haikuwa kawaida yake kuja siku kama ile. Walisalimiana vizuri, Mrisho akauliza habari za kazi, na za kwao Rombo. Kisha akasogea kumpisha.

"Nasikia leo umekutana na mama," alisema.

Mrisho akamweleza kwa upole kwamba chumba anakihitaji, na kwamba lau angekuwa yeye, asingelala pale leo. Hakuwa na hasira. Kila gari lililopita aligeuka kulitazama.

Clara akafungasha nguo chache, akapanda basi kwenda Msata kwa dada yake, Verdiana. Hakumpigia simu wala hakumuaga mtu yeyote. Verdiana alipofungua mlango hakuuliza kilichomleta. Alimwambia tu kwamba alasiri walipita wanaume wawili wakimwulizia, watu wa heshima zao, na wakaacha salamu.