Zamu ya Lindo

Siku moja kabla ya ibada ya kumkumbuka mwanawe Antipasi, Damari alikuwa uani kwake kijijini Issuna akipepeta alizeti, akamwona msichana mgeni akishuka kwenye bodaboda. Alivaa gauni na kitenge kama wasichana wengine, ila alitembea wima kama askari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naitwa Aneth. Nilikuwa Kongo na Antipasi."

Damari aliweka ungo chini, akamvutia kigoda. Miaka mitatu alikuwa akimngoja mtu wa namna hii. Wanajeshi walioleta jeneza walipiga saluti, wakakunja bendera, wakamkabidhi, wakaondoka. Walimwambia tu kwamba kambi ya walinda amani ilivamiwa alfajiri, na mwanawe alikuwa lindoni. Hakuna aliyemsimulia Antipasi aliishije huko, yule kijana aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili na kumuulizia punda kabla ya kumuulizia baba yake.

Aneth alipewa uji, hakuunywa.

"Mama, lindo lile lilikuwa zamu yangu. Nilishikwa na malaria, natetemeka mwili mzima. Antipasi akaniambia nilale, akaenda yeye. Mara mbili nimefika Singida mjini nije kukwambia, nikarudi."

Damari alinyanyuka, akaingia jikoni. Alisimama gizani, mkono ukutani, hasira ikimpanda kifuani. Kumbe angekuwa hai! Kumbe saa hizi angekuwa hapa, ameoa, ana watoto! Alitaka kutoka amfukuze yule binti. Ndipo akamsikia huko nje akilia kwa kujizuia, kama mtoto anayeogopa kukaripiwa. Yule naye alikuwa mtoto wa mama mwingine.

Alitoka, akaketi chini kando ya kigoda.

"Hebu niambie. Alinuna, alipokuachia ulale?"

"Hakununa. Alinifunika blanketi lake, akasema nikikoroma atanishtaki kwa afande."

Kicheko kilimtoka Damari kabla hajakizuia. Ni yeye hasa, ni Antipasi mtupu! Kisha machozi yakafuata, na wawili wale wakalia wameshikana, uji ukipoa.

Mumewe, Hosea, alirudi kutoka shambani akawakuta hivyo. Alisimama na jembe begani.

"Kuna nini? Huyu ni nani?"

"Mwenzake Antipasi. Amekuja kutusimulia habari zake. Tua jembe, baba, ukae."

Aneth akaanza upya. Hosea alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipofikiwa habari ya zamu alifumba macho. Hatimaye akauliza, "Na malaria yenyewe, ulipona?"

"Nilipona, baba."

"Tumshukuru Mungu," akasema, akamsogezea uji wake.

Kesho yake kanisani Aneth alitaka kukaa nyuma. Damari alimshika mkono, akampeleka hadi benchi la mbele, wakaketi pamoja. Mchungaji alipomwita msemaji wa familia, Hosea, ambaye ndiye aliyezoea kusema, hakunyanyuka. Alimgeukia Aneth.

"Simama wewe, binti yangu. Wewe ulikuwa naye."

Aneth akasimama. Akasimulia Antipasi aliishije huko Kongo, na kanisa zima likamsikiliza hadi mwisho.