Gunia Lenye Pindo

Mvua tatu mfululizo, mto uliingia dukani kwa fundi cherehani bila kubisha hodi. Mara ya tatu ulilowesha gauni la bibi harusi, likatoka na rangi ya chai. Tangu siku hiyo fundi akawa hakaliki. Alizunguka mtaa mzima akihimiza watu wakasafishe mto, na kila alipomaliza huongeza, "Na siku hiyohiyo tuchague mwenyekiti wa mto. Mtu safi." Hapo hujikohoza na kunyoosha kola.

Mpinzani wake katika uenyekiti huo alikuwa mmoja tu, mama muuza mkaa.

Jumamosi watu wakafika na majembe, reki, ndoo na miche ya kupanda ukingoni. Fundi akasimama juu ya kalavati, tepu ya kupimia shingoni, akiamrisha. "Vuta kushoto! Wewe mrefu, ingia ndani!"

"Shuka basi utuonyeshe, baba," akasema muuza mkaa, tope limemfika kiunoni.

"Kichwa hakifanyi kazi ya miguu, mama."

Chini ya kalavati palikuwa pameziba. Wakavuta, wakavuta, likatoka gunia jeusi limevimba kama ng'ombe aliyekula asichoambiwa. Likafuata la pili. Mwisho yakafika kumi na moja.

"Magunia ya mkaa!" Fundi aliruka kwa furaha nusura atumbukie. "Mmeona wenyewe, jamani! Mkono huu anatuuzia mkaa, mkono huu anatuzibia mto. Na uenyekiti anautaka!"

Muuza mkaa akakodoa macho. Magunia yalikuwa yake kweli. Minong'ono ikaanza.

Mama mkwe wa fundi, aliyekuwa ukingoni akichambua mifuko ya plastiki, akainuka taratibu, akapitisha kidole mdomoni mwa gunia.

"Mkwe wangu," akaita kwa upole, "mkaa gani huu unaopigiwa pindo?"

Watu wakainama kutazama. Mdomo wa gunia ulikunjwa mara mbili, ukashonwa kwa uzi mwekundu, mshono umenyooka kama rula. Mtaani pale ni mtu mmoja tu asiyeweza kuacha ukingo bila pindo, hata ukingo wa taka. Muuza mkaa akakata uzi. Vikamwagika vipande vya vitambaa vya rangi zote.

"Hiki si cha suruali yangu?" akang'aka kinyozi. "Si uliniambia hakikutosha mfuko wa nyuma?"

"Gari la taka lilikuwa haliji," fundi akasema, sauti imekuwa nyembamba kama sindano. "Magunia matupu nilinunua kwake..."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu muuza mkaa, "na nguo unashona mwenyewe!"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa kwenye tope. Uchaguzi ukaishia hapohapo. Muuza mkaa, mwenyekiti mpya, maji yakimchuruzika, akatoa amri ya kwanza: magunia yaoshwe, yajazwe udongo, yapangwe ukingoni yakinge miche isisombwe. Ayashone fundi. Akiwa majini.

Gunia la kwanza alilishona kwa mishono mirefu ya hasira. Mama mkwe akalitazama, akamrudishia.

"Fumua. Hili litaonekana na wengi kuliko gauni."

Akafumua.

Mvua ya nne ilipokuja, mto ulinguruma, ukapita njia yake. Fundi alikaa mlangoni, miguu mikavu, akimwonyesha kila mteja uzi mwekundu kule ukingoni. "Kazi yangu ile."

"Na ile ya kalavati?" mkewe akauliza kutoka ndani.

Fundi akaanza kukanyaga cherehani kwa kelele.